Kivuli Ukutani Nyuma ya Baba

Pune, India
Jumapili

Kwako Yaya Zuhura, dada yangu mkubwa,

Assalamu alaykum. Kabla ya yote nauliza hali yako, ya watoto, ya Mama na goti lake, na ya nyumba nzima hapo Kasongo. Mvua imewahurumia au bado mnahamisha vitanda kukimbia pale paa linapovuja? Mimi ni mzima, ila nimechoka. Ni uchovu ule ambao ukilala unaamka nao. Macho yananiwasha, mgongo unauma kama wa bibi kizee, na mvua ya huku nayo haijui kupumzika. Chakula nakula: dengu, wali, chapati, halafu dengu tena. Juzi nilitamani sombe, majani yetu ya muhogo, mpaka nikakasirika peke yangu jikoni.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ipo. Naiandika kwa mkono, nitapiga picha kurasa zake, nimtumie shemeji Amisi kule Salamabila kwenye duka lake la vipuri vya pikipiki. Nimemwomba mumeo huyo aitoe pale wanapopiga fotokopi, akuletee mkononi akija nyumbani wiki hii. Najua ataisoma njiani. Aisome tu, na yeye ni mmoja wenu. Sikutaka kuyasema haya kwa simu, maana simu ya nyumbani inasikilizwa na nyumba nzima, na Baba yupo hapo hapo. Tena nikisema kwa mdomo nitalia, nanyi mkinisikia nalia mtaanza kunifariji, na mkianza kunifariji mtanidanganya.

Vumilia kwanza nikueleze kazi yangu, kwa sababu bila hiyo hutaelewa nimejuaje. Mama anawaambia majirani kwamba natengeneza kompyuta. Sitengenezi kompyuta, Yaya. Ninaandika programu. Kampuni yetu ina mashine ya kufundishia madereva wa malori: mwanafunzi anakaa kwenye kiti, anashika usukani, na mbele yake kwenye skrini kuna barabara, miti, nyumba na magari. Akigonga, hafi mtu. Barabara hiyo inachorwa na kompyuta, na kila dereva anaposogea inachorwa upya, haraka kuliko kupepesa jicho.

Sasa kompyuta nayo inachoka. Ukiiambia ichore mji mzima, hata nyumba zilizo nyuma ya kisogo cha dereva, picha inaanza kukwama. Kwa hiyo tunaifundisha ichore kile tu ambacho jicho linaweza kukiona. Unaukumbuka mgono wa wavuvi wa Nyangwe, ule mtego mwembamba upande mmoja na mpana upande mwingine? Weka jicho kwenye upande mwembamba: kilichomo ndani unakiona, kilicho nje hukioni. Mgono wetu sisi una kuta bapa, juu na chini, kushoto na kulia, mmoja karibu na jicho na mwingine mbali. Kila nyumba na kila mti tunauvisha sanduku lisiloonekana, kisha kompyuta inalipima sanduku hilo kwa kila ukuta. Likiwa lote nje ya ukuta hata mmoja, linatupwa. Likiingia ndani hata kidogo, kilichomo kinachorwa. Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo walivyosema wazee, nami nalipwa mshahara kwa methali hiyo.

Mteja wetu mmoja ana kompyuta za zamani sana, na picha zilikuwa zinakwama kwake. Mkuu wangu akaniambia, chuja zaidi. Nikachuja. Picha zikawa laini, tukapigiwa makofi ofisini, nikaletewa na peremende. Kisha wakaja madereva wenyewe kujaribu. Mmoja alikuwa mzee wa masharubu, anaendesha taratibu kama mtu aliyebeba mayai. Kando ya barabara yetu kuna mnara mrefu wa tangi la maji, na jua likiwa nyuma, kivuli cha mnara kinalala mbele, katikati ya barabara. Mzee akaupita mnara. Mara tu ulipobaki nyuma yake kompyuta ikautupa kama nilivyoifundisha, na ikatupa kivuli chake pia, ingawa kivuli bado kilikuwa mbele ya macho ya mzee. Barabara ikang'aa ghafla. Mzee akakanyaga breki kwa nguvu zote, akageuka akaniangalia, akasema maneno kwa lugha yao. Mwenzangu akanitafsiria: anasema kuna kitu kimeondoka, ila hajui ni nini.

Nilihangaika na jambo hilo kwa wiki nyingi. Dawa yake, kuieleza ni rahisi, kuiandika ndiyo ilinimaliza. Kwa mambo ya vivuli huwezi kuchuja kwa jicho la dereva peke yake. Lazima utoke kwenye mgono, urudi upande wa jua, uulize: ni nani amesimama nje lakini kivuli chake kinaingia ndani? Huyo usimtupe. Yeye mwenyewe hataonekana, ila kivuli chake kibaki. Nimeifanya kazi hiyo mpaka imeniharibu. Nikiona kivuli kwenye ngazi namtafuta mwenyewe. Nikiona kivuli cha nguo kwenye kamba nainua kichwa.

Ndipo nafika kwenye jambo lenyewe. Ijumaa mlinipigia kama kawaida. Huku taa zilikuwa zimeshawashwa, kwenu jua la alasiri bado linaingia mlangoni. Mama ameshika simu, Baba amekaa kwenye kiti chake, kofia nyeupe, kanzu imepigwa pasi.

“Mwamini, mutoto yangu, weye uko muzima?”

“Niko muzima, Baba. Na weye?”

“Miye niko muzima kabisa. Kazi iko namna gani? Watu wa kule wanakuheshimu?”

Nikajibu wananiheshimu, huku macho yangu hayapo tena kwake. Yalikuwa ukutani nyuma yake. Kulikuwa na kivuli cha mtu ambaye hakuwemo kwenye picha. Mtu huyo alisimama upande wa mlango, amenyoosha mkono, na kiganja kimepotea nyuma ya mgongo wa Baba. Baba akakohoa, akaanza kuinamia upande. Ule mkono ukutani ukakaza, na Baba akarudi wima.

Nikasema, “Baba, inua mukono wa kuume kidogo, unipungie.”

Baba akamtazama Mama. Mama akadakia haraka, “Rezo iko mubaya, hasikie muzuri,” na simu ikakatika. Sijui kama ni mtandao ulioikata, au ni kidole cha Mama.

Nilikaa kitandani nikirudisha nyuma simu zote za miezi hii. Kiti hakihami. Simu haihami. Baba anaonekana kuanzia kifuani kwenda juu, basi. Na mimi mjinga nilikuwa namshukuru Mungu kwamba Mama hatimaye amejifunza kushika simu bila kuitikisa! Baba yule aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye magunia ya mchele mpaka Kabambare na kurudi na chumvi, leo hawezi kukaa wima bila mtu kumshikilia, nami naambiwa ni mzima kabisa. Ni kiharusi, Yaya? Ni upande mmoja au pande zote mbili? Anakula mwenyewe?

Naijua desturi yetu, usinifundishe. Kwetu habari mbaya haimfuati msafiri. Anaachwa afike, apewe maji, aketi, ndipo aambiwe. Nakumbuka Bibi alipofariki na baba mdogo yuko Kabambare. Alitumiwa ujumbe kwamba Bibi anaumwa kidogo. Akaja kwa pikipiki, matope mpaka kwenye nyusi, ameshika mfuko wa dawa. Alikuta watu wamekaa matanga. Hakupiga kelele. Alizunguka uani akimuuliza kila mtu amkabidhi nani dawa. Mlifanya hivyo kwa kumpenda, na mpaka leo akisimulia siku ile haanzi na kifo cha mama yake, anaanza na ule mfuko. Sitaki kuja na mfuko wa dawa, Yaya.

Nimekasirika nanyi. Naliandika wazi ili usije ukasema Mwamini hakusema. Nakasirika, na papo hapo najua ni Baba mwenyewe aliyewaapisha. Namsikia kabisa: musimwambie, ataacha kazi. Anajua kibali changu cha kuishi huku kinafanywa upya na bado hakijatoka. Nikiondoka sasa kabla hakijatoka, mlango unafungwa nyuma yangu, na miaka yote hii ya dengu inakuwa bure. Nikingoja, huenda nikamkosa Baba. Hilo ndilo mnaloniondolea. Mmeamua kwa niaba yangu nini nione na nini nisione, na kazi hiyo naijua kuliko ninyi. Uamuzi ni mzito lakini ni wangu, niachieni niubebe. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio hicho kitakuwa changu pia.

Basi nakuomba jambo moja. Ijumaa ijayo msimvalishe kanzu ya pasi. Msimkalishe kwenye kiti. Mlazeni kwenye mkeka wake pale anapolala kila siku, simu iwekwe karibu na kichwa chake, nami huku nitalala chini vilevile tutazamane. Akishindwa kusema, asiseme. Akitaka kunigombeza kwa kujua, anigombeze. Nikishamwona alivyo, nitajua nifungashe au ningoje, na sitamlaumu mtu.

Nisalimie Mama, umwambie sina hasira ya kudumu, na kwamba rezo ilikuwa nzuri sana siku ile. Msalimie baba mdogo. Wabusu watoto wako, yule wa mwisho umwambie shangazi… hapana, mama mdogo amemwekea peremende. Unaona nilivyochoka, hata watoto wako wananiitaje nasahau. Shemeji Amisi nampa pole ya safari na asante ya kusoma. Baba usimsomee barua hii. Mshike tu mkono wake wa kuume, kama bado unasikia, umwambie mshiko huo umetoka kwangu.

Na wewe, Yaya. Kivuli kile ukutani nilikijua ni chako kwa fundo la kitambaa chako cha kichwani, unavyolifunga upande mmoja tangu tukiwa wasichana. Miezi yote hii nimekuwa nasikia sauti yako pembeni, “Mwamini, salama?”, nami naitikia bila kujiuliza uko wapi. Ni wewe unayemshikilia kila Ijumaa. Mikono yako inakuuma kiasi gani sijui, kwa sababu sijauona uso wako tangu mvua zilipoanza. Mkishamlaza Baba, mikono yako itakuwa mitupu. Njoo ukae mbele ya simu, nikuone na wewe.

Mdogo wako anayekupenda,
Mwamini