Maziwa kwa Nyoka wa Fedha

Cucu wangu,

Huku Shela mchanga umeingia hata kwenye chai, lakini nakuandikia kwa sababu ya jana. Mgeni mwenzangu hotelini, mama wa Kihindu kutoka Mombasa, aliniomba nimsindikize kwa boti hadi penye mkondo. Mimba tatu zimemtoka. Msoma nyota wao alimwambia alizaliwa na dosari ya nyoka, maana zamani mtu wa ukoo wake alimuua mmoja, na kwamba ili asamehewe aachie nyoka wa fedha kwenye maji yanayotembea.

Nahodha alizima injini. "Bi, hapa maji yatembea," akasema. Mama yule akashika nyoka wawili wa fedha, wadogo kama vidole, nami nikawamiminia maziwa viganjani mwake huku akiwaomba msamaha. Akawaachia wazame.

Akaniuliza nilijifunza wapi kumimina kwa upole vile. Cucu, nilikumbuka siku nyoka alipoingia jikoni kwako, ukatukataza kumuua, ukammwagia maziwa hadi akatoka mwenyewe. Nikamwambia nilijifunza kwa nyanya yangu, na kwamba siku ile nilimcheka.

Nisamehe. Jiko lako lisikose moto.

Mjukuu wako,
Njeri