Amplifaya ya Watu Tano

Itiryo, Tarime
Jumapili, baada ya misa

Kwako dada yangu Veronika,

Shikamoo dada. Na shikamoo tena. Hiyo ya pili ni ile niliyokosa kukupa kwenye harusi ya mwanao Gift, nitaieleza. Habari za Ringwani? Goti la shemeji limepoa, au bado analiburuta kwenda shambani? Huku kwetu tu wazima. Baba Rhobi anakohoa asubuhi, lakini hiyo ni sigara, si ugonjwa, na nimeshamwambia. Mama mkwe wangu bado anapalilia migomba kuwashinda wasichana wa siku hizi. Mvua tumepata. Nakutumia mkungu wa ndizi kwa mkono wa huyu Orwa anayekuletea barua. Ukikuta umepungua, muulize yeye.

Orwa ndiye aliyeniletea maneno yako. Alikuja mnadani kununua ng'ombe, akanisogelea usoni kabisa akaniambia dada yako amekasirika. Kwamba unanipigia simu sipokei, na nikipokea nasema ndiyo, ndiyo, halafu nakata. Kwamba kwenye harusi uliniita mbele ya wakwe zako nikakupita kama nimepita kisiki. Kwamba umesema Modesta, tangu mtoto wake aanze kupiga gitaa kanisani, amepanda juu na ngazi ameivuta, na hata ukipatwa na msiba nisije. Dada, neno la msiba ni zito, silali nalo. Ndiyo maana nimekaa kuandika, mimi niliyeishia darasa la saba, ingawa mwandiko wangu unaujua, mwalimu alikuwa anawaonyesha darasa zima. Herufi nimezifanya kubwa kwa ajili ya macho yako. Usimpe Gift akusomee. Vaa miwani, soma peke yako, na usinijibu kabla hujafika mwisho.

Kwamba najivuna, hilo sikatai. Mtoto ninaye. Onyesha mwingine kuanzia hapa mpaka Sirari mwenye binti anayepiga gitaa la chuma. Hilo halibebwi kifuani kama magitaa mengine. Unaketi, unalilaza mapajani kama mtoto mchanga, mkono mmoja unadonoa nyuzi na mwingine unatelezesha kipande cha chuma juu yake. Sauti haikatiki, inapanda na kushuka kama mtu anayeita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Lilikuwa la mwalimu Laurian, yule wa kutoka Bukoba. Alipohamishwa alimwachia Rhobi, akasema hajawahi kuona mtoto anayeelewa haraka hivyo. Nilikuwepo alipolisema. Nililisikia kwa masikio yangu, na hilo neno la masikio likumbuke.

Lakini gitaa la namna hiyo bila amplifaya ni bubu. Ile ya kuazima iliungua, na jubilei ya parokia ilikuwa inakaribia, na padre alikuwa ameshasema wakati wa matoleo Rhobi apige peke yake. Peke yake, dada. Raphael, mwenyekiti wa kwaya, akasema tununue ile kubwa nyeusi yenye taa za buluu zinazocheza. Mimi nikamuunga mkono, maana kitu kikubwa kinaonekana. Rhobi akakataa. Akasema ile inapiga kelele lakini haiimbi, anataka ndogo ya valvu. Valvu ni vile vichupa vya kioo vilivyokuwa ndani ya redio za zamani, vinavyowaka rangi ya kaa la moto. Unaiwasha, halafu unaisubiri ipate joto ndiyo iseme. Baba Rhobi akauliza kwa nini tufuate mtambo wa babu wakati babu mwenyewe aliutupa. Rhobi akamjibu kwamba babu alitupa vitu vingi vizuri, hata meno. Unaona mtoto huyo.

Basi tukaenda Tarime mjini, mimi na yeye, kwa fundi mmoja Mjaluo anayeitwa Ouma, anayetengeneza redio na spika. Alikuwa nazo mbili ndogo za valvu. Moja ilitoka Kenya, ya bati, inang'aa, ina kishikio kama begi la mganga. Nyingine ameiunda mwenyewe, valvu amezitoa kwenye redio iliyokufa, na sanduku lake ni la mbao ya mninga, zito, halina rangi. Ouma akaligonga lile la mbao kwa kidole akaniambia kwamba hii ni ya watu tano.

Nikamwangalia. Nikamwambia, kaka, mwanangu anapigia kanisa limejaa mpaka mlangoni, wewe unamletea ya watu tano, hao wengine waende wapi? Nikamuuliza ile ya bati je. Akasema hiyo ni kumi na tano. Nikamwambia hata hiyo haitoshi, wanaume wa besi peke yao wanapita kumi na tano, na wanakula zaidi ya hapo. Ouma akashika meza akicheka. Rhobi yeye hakucheka. Akanigeukia akasema polepole, wati, mama. Wati tano. Ni nguvu ya umeme.

Nikasema najua ni wati, nilikuwa namtania, na Mjaluo akizungumza Kiswahili nani atatenganisha wati na watu. Ouma akasema Mkurya anayesema watu tano badala ya watano ashukuru Mungu kumpata Mjaluo wa kumwelewa. Hapo tukawa marafiki, na jina likabaki hilo. Mpaka leo nyumbani tunaiita ya watu tano.

Akaeleza vizuri, ni mtu wa maana. Ile ya wati kumi na tano hata ukiisukuma sana sauti inabaki safi. Hii ya tano ukiisukuma inakwaruza mapema, kama mtu aliyelia usiku kucha, kwa hiyo unaipiga kwa utaratibu. Lakini spika yake ni pana na mbao inapunguza makali ya nyuzi nyembamba, maana gitaa la chuma likipata spika mbaya linachoma kama sindano. Na kwa ajili ya kanisa, akasema, usihangaike na ukubwa. Unaweka maiki mbele yake, spika za kanisa zinabeba mpaka nje.

Rhobi akaijaribu kwanza ile ya bati. Mimi nikatikisa kichwa nikasema hii ndiyo yenyewe, tuchukue twende. Akaniangalia kidogo. Kisha akaliinua lile sanduku la mninga, badala ya kuliweka mezani akaliweka kwenye benchi nililokalia, akaniambia nisogee tubanane nalo. Akaliwasha, tukasubiri vichupa vipate moto, akapiga. Hakupiga wimbo wa kanisa. Alipiga ule wa baba, wa kurudisha ng'ombe jioni, aliokuwa akiupiga kwenye litungu, kile kinubi chake cha nyuzi nane.

Dada, unakumbuka tulivyokuwa tunamwegemea baba mgongoni akipiga, wewe upande huu mimi upande ule, nyuzi zinanguruma mpaka kwenye mbavu zetu? Ndivyo ilivyokuwa. Benchi lilinguruma. Nikaweka kiganja juu ya sanduku, na kabla sijajua nilikuwa naimba, ndani ya duka la watu, na Ouma ameshika bisibisi ananitazama. Rhobi akaacha kupiga. Akasema tunachukua hii. Nilipofungua mdomo nimkumbushe ile inayong'aa, nikaufunga.

Jubilei ilikwenda vizuri. Padre alisimama wakati wa matoleo akasahau kuketi. Wanawake wa Tarime mjini waliuliza yule binti ni wa nani, na waliouliza nikawajibu, na wasiouliza pia. Mimi nilikaa benchi la mbele la kwaya, mkono juu ya sanduku mwanzo mpaka mwisho. Nimeambiwa watu walisema Mama Rhobi anajivuna mpaka anakumbatia mtambo, labda anaogopa utaibiwa. Waache waseme hivyo. Ni afadhali.

Sasa nakuambia kwa nini ni afadhali. Dada, mimi sisikii. Sikio la kushoto limekufa kabisa, na la kulia limebaki kama mlango uliofungwa ambao watu wanazungumza nyuma yake. Ilianza baada ya ile homa yangu ya mwaka juzi. Nesi Stefania wa kituo cha afya alinipeleka kwa daktari wa masikio, na daktari akasema ni mishipa ya kusikia, hairudi, ila kuna kifaa cha kuvaa ambacho huenda kikasaidia. Nikarudi nyumbani nikanyamaza. Unamkumbuka shangazi aliyekuwa kiziwi, walivyokuwa wanamjadili kwenye kikao naye ameketi palepale, wanasema alishwe nini na alale wapi? Mimi Modesta nisemwe hivyo nikiwa nimekaa? Nikajifunza kutazama midomo. Wakicheka, nacheka. Wakitikisa kichwa, natikisa. Na simu haina mdomo, dada. Kwenye simu nasema ndiyo, ndiyo, sijui nimekubali nini. Kama nilikuahidi mbuzi, niambie.

Na pale kwenye harusi uliniita kwa nyuma. Ukiniita kwa nyuma hujaniita.

Gitaa la mwanangu, ninalojivunia kwa kila mtu, nilikuwa sijalisikia tangu ile homa. Nilikuwa nasifia vidole vyake kwa macho. Yeye alikuwa anajua. Siku tuliyotoka kwa Ouma, kabla hatujafika stendi, aliliweka sanduku chini, akasimama mbele yangu, akasema anajua tangu siku sufuria ilipoanguka jikoni nyuma yangu nisigeuke. Akasema kanisa lina spika zake, halihitaji amplifaya kubwa. Ile ya bati kelele yake yote inakwenda mbele kwa wenye masikio. Yeye alikuwa ameshamwomba Ouma kabla, bila kumwambia ni kwa nini, amtafutie ambayo sanduku lake linatetemeka. Akasema alichagua ya nyumbani. Mimi nilidhani nimempeleka mtoto dukani, kumbe yeye ndiye aliyenipeleka.

Jana nimemwambia Baba Rhobi. Akasema muda wote huu alidhani nimemdharau tu kama wanawake wengine wanavyowadharau waume zao, na alikuwa ameshazoea. Leo asubuhi alizunguka meza akaja mbele yangu ndipo akaomba chai. Wa tatu kujua katika familia ni wewe, na wewe ndiwe niliyekuogopa zaidi, kwa sababu ndiwe uliyenifundisha kuongea.

Kwa hiyo usinipigie simu kunisamehe. Njoo. Wewe macho yako, mimi masikio yangu, uzee umetugawia sawasawa. Kaa mbele yangu mchana kweupe, unitukane taratibu nione kila neno. Msalimie sana shemeji, na Gift, na mkewe. Huyo mkewe mwambie pale harusini nilipocheka akinieleza kuhusu mama yake sikuwa nimesikia, na kama ilikuwa habari ya ugonjwa namwomba radhi.

Jioni Rhobi akipiga, sanduku tunaliweka katikati ya benchi refu. Mama mkwe wangu anakaa huku, mimi na Baba Rhobi kule, Rhobi kwenye kigoda chake. Jumla wanne. Na Ouma alisema ni ya watu tano.

Ni mimi mdogo wako,
Modesta, Mama Rhobi