Jina Kwenye Kona ya Kibao

New Hope, Minnesota
Novemba 10, 2024

Mpendwa Baba Mdogo Zachariah,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka huku kwenye baridi. Mgongo unaendeleaje? Na Mama Mdogo Mumbi, kikohozi kimemwachilia? Mimi ni mzima. Kazi ya kuwatunza wazee kule Bloomington inanichosha, lakini namshukuru Mungu.

Mama Mdogo aliniambia kwa simu kwamba Jumapili iliyopita ulisimama kanisani ukatoa shukrani, kwa kuwa kibao chako kimefundishwa chuoni Marekani. Nilipokata simu niliketi sakafuni. Kosa ni langu. Niliwatumia picha ya darasa, kibao chako kikionekana ukutani, nikanyamazia yaliyotokea.

Muhula huu, katika somo la ubunifu wa matangazo, tunasoma habari za wabunifu wa Urusi wa miaka mia moja iliyopita, wale wanaoitwa Konstruktivisti. Mabango yao yalikuwa na maneno machache, herufi nene zisizo na mikia wala mapambo, nyekundu na nyeusi, mara nyingi zimelazwa mshazari, na nafasi tupu kubwa. Mwalimu alitutaka tuchukue tangazo lililojaa mambo tulipunguze, libaki lile la lazima tu.

Nikachagua kibao ulichomwandikia mwenye kinu cha unga hapo Webuye: gunia, mahindi, ng'ombe, herufi zenye vivuli vya rangi tatu, na "Mungu ni Mwema" kwa juu. Picha ilipomulikwa ukutani, darasa likacheka. Nami nikacheka, Baba. Kisha nikaonyesha kazi yangu: neno moja, UNGA, jekundu, limelala mshazari kwenye weupe. Wakapiga makofi.

Mwalimu akauliza, "Hicho cha kwanza alikichora nani?"

Nikasema, "Simjui. Ni fundi tu wa barabarani."

Wewe uliyenishikisha brashi nikiwa darasa la tatu, ukanifundisha kupiga mstari kwa uzi wenye chaki, nilisema sikujui.

Tulipotoka, mwenzangu Uwimana, Mnyarwanda anayejua Kiswahili, alinifuata hadi kwenye maegesho. Akasema taratibu, "Dinah, kwenye kona ya kile kibao pameandikwa Z. Wanjala. Si ndilo jina la kwenu?" Jina lako lilikuwa ukutani muda wote niliokuwa nakukana.

Wiki iliyofuata niliomba dakika tano, nikairudisha picha, nikawaambia wewe ni nani kwangu. Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliuliza mengi kuhusu vile vivuli vya herufi zako, nikamjibu ninayoyajua. Lakini aibu haikuondoka. Wageni walikuwa wameambiwa ukweli, na wewe bado ulikuwa unanishangilia.

Kazi yangu imetundikwa ukumbini mwa chuo. Ukisema niiondoe, nitaiondoa.

Nisalimie Mama Mdogo na watoto, Griffins na Njeri. Wasomee barua hii ukipenda. Mungu akushike unapopanda ngazi na kopo la rangi.

Watu wa kanisa nao, ukitaka kuwaeleza yote, waeleze. Ukinyamaza, nitajua umenisitiri, nami sikustahili.

Binti yako akupendaye, ingawa alikukana,

Dinah