Tarehe kwenye Msalaba wa Babu

Sekela, usinipigie, soma tu. Shangazi Emerensiana amekaa hapa karibu, analia.

Tumekuja mahame, kijiji chetu cha zamani kilichohamwa, nyuma ya Kate. Nilitaka tu kupiga picha kaburi la babu Tadei kwa ile historia ya ukoo ninayoiandika.

Hadithi yetu si unaijua. Babu alifia hapa, wakamzika, kesho yake familia nzima ikapakiwa kwenye lori kwenda kijiji cha ujamaa. Ilikuwa Septemba 74. Kila Septemba tunamwombea misa, tangu sijazaliwa!

Sasa nimekwangua kuvu kwenye msalaba wa saruji. Nikasoma. Nikarudia kusoma.

TADEI. KAFA 19 NOVEMBA 1974.

Novemba, Sekela. Novemba!

Nikamwambia, "Shangazi, aliyeandika hapa kakosea." Akakaa chini kwenye nyasi.

"Hakukosea. Siku ya lori tulimwacha ndani, mzima bado, ila hawezi hata kusimama. Wenye lori walisema watamfuata kesho. Kurudi huku ikawa marufuku. Baba yako mkubwa akasema hawezi kumaliza wiki, basi Septemba ile ile tukamsomea misa ya marehemu."

Miezi miwili, jamani! Watu wanamwombea apumzike kwa amani, mwenyewe yuko ndani anasubiri lori.

Nimemuuliza nani alimzika. Hajui. Nani aliandika msalaba? Hajui.

Chini ya tarehe kulikuwa na mstari mwingine, umejaa udongo. Nimeufuta kwa kanga yangu.

ALIKUWA ANAWAULIZIA.