Bakuli Nililolivunja Mbele ya Bwana Mutiso

Alhamisi, Agosti 1979

"Hiyo mistari ya bakuli lako ni rangi ya kupaka, Mama Njeri, na maonyesho yetu si ya vitu vya kupaka." Ndivyo alivyonikataa Bwana Mutiso, mchonga vinyago na mwenyekiti wetu, mbele ya kamati nzima katika ukumbi wa mtaa wa Jericho. Kupaka! Mimi niliyepanga udongo mweupe na mwekundu tabaka kwa tabaka, nikaukata vipande kama mkate, nikavibana ndani ya karai mpaka vikashikana!

Nilimweleza mara mbili. Akatabasamu tu.

Basi nikaliinua bakuli nikalipiga kwenye ukingo wa meza. Paa! Nikampa kigae. "Tazama palipovunjika. Hiyo mistari imeishia wapi?"

Akakikwaruza kwa ukucha. Mistari ilipenya mpaka upande wa pili.

"Ai, mama! Mbona umevunja kitu kizuri hivyo?"

Kizuri! Amelitamka mwenyewe, na mashahidi wapo. Nimecheka peke yangu kutoka Jericho hadi Buruburu, watu wakinipisha njia.

Lakini bakuli hilo lilikuwa ndilo la pekee. Mengine yote yalipasuka tanurini, maana udongo mwekundu husinyaa motoni kuliko mweupe. Maonyesho ni Jumamosi na sina kingine cha kupeleka. Nimefanya nini mimi...

La, sijutii. Wanakamati, nyinyi mliobaki midomo wazi: vipangeni vigae vyangu kwenye meza ya katikati, palipovunjika pakiwaelekea watu. Na Bwana Mutiso asimame hapo hapo, awaeleze wageni kwa mdomo wake.