Mwezi Ambao Hakuna Aliyeanguka

Jumatatu, 3 Machi
Nimelianzisha shindano langu! Nimewaambia wahudumu wote kwenye chumba cha chai: atakayejaza daftari vizuri kuliko wenzake – nani amekula, nani hakulala, nani ameanguka – atachagua zamu zake kabla ya mtu yeyote. Vifijo! Katika nyumba hii ya wazee watu wanagombania zamu kuliko mshahara. Nikasisitiza: mzee akianguka aandikwe, hakuna atakayegombezwa. Mkurugenzi amesema tujaribu, ila likiharibika ni langu. Najua. Msimamizi ndiye jalala.

Baba watoto ananicheka. Na yeye ataanza kuandika kila anapoosha vyombo, anasema, apewe zamu ya kulala.

Jumatano, 19 Machi
Wanaandika! Anayeongoza ni Binti Haraka wa ghorofa ya chini, yule anayetembea kama ameacha chungu motoni. Ana kichanga kinachonyonya, anazitaka zamu za asubuhi kufa na kupona. Leo kaandika kwamba Babu Redio kateleza bafuni. Huyu mzee hutangaza kila kitu kwa sauti ya taarifa ya habari: uji umechelewa, jirani amekoroma. Kaanguka, kajitangaza mwenyewe! Daktari kaja, kampunguzia dawa ya usingizi. Ile ya kuzuia damu kuganda imebaki. Kanionya: huyu akigonga kichwa, niiteni hapo hapo, anaweza kuvuja damu ndani na msione kitu. Tumeweka mkeka wa mpira bafuni.

Nimefurahi mpaka naogopa.

Jumanne, 1 Aprili
Nimeitwa ofisini. Karatasi mbili mezani. Mwezi wa pili: walioanguka watatu. Mwezi wa tatu: kumi na tisa. Umewafanya nini wazee wangu? – ndivyo alivyoniuliza mkurugenzi. Nikamwambia walikuwa wanaanguka siku zote, sisi ndio tulikuwa hatuandiki. Akasema familia hazisomi maelezo, zinasoma namba, na wakaguzi wanakuja mwisho wa mwezi. Kaamua: zawadi ibaki, lakini apewe mhudumu ambaye wazee wake hawajaanguka.

Nilipaswa kukataa. Nikasema, "Sawa, mkuu." Sawa! Mdomo wangu huu.

Alhamisi, 10 Aprili
Hakuna aliyeanguka.

Jumatano, 16 Aprili
Hakuna. Ghorofa zote. Mkurugenzi kanipigia makofi kwenye korido, mbele ya mpishi, nikatamani ardhi inimeze. Maana bibi wa chumba cha pembeni ana alama nyeusi kwenye kiwiko. Nimemuuliza Binti Haraka. Kajibu huku anakunja shuka, haniangalii: hakuanguka, alikaa chini tu ghafla. Siku hizi wazee wetu wanakaa chini ghafla sana! Nikamkazia macho, nikaondoka. Ndiyo, niliondoka. Ningemwambia nini, na sheria nimeipokea mimi?

Nyumbani nimemsimulia baba watoto. Mficha maradhi, kifo humuumbua, kasema. Nimemwambia asinitajie kifo nikiwa nakula. Sikumaliza chakula.

Jumatano, 30 Aprili
Wakaguzi wako ukumbini. Mimi niko kitandani kwa Babu Redio, nimekaa miguuni pake. Naandika huku namsubiri daktari.

Nilipita kumwamkia tu. Kavaa kofia ya sufu, ndani, na joto hili! Nikaivua. Nyuma ya sikio kuna uvimbe kama limau.

"Usiniandike, mwanangu," akasema. "Jana hiyo, si kitu. Yule binti ana mtoto mchanga. Akikosa asubuhi zake, nani atamnyonyesha?"

Binti Haraka alikuwa mlangoni, analia na taulo mkononi. "Aliniapisha, dada. Nikaona anaongea vizuri tu, nikanyamaza."

Sikumgombeza. Ningeanza wapi? Nimempigia daktari – yuko njiani, kasema mzee asisimame. Nimeandika kwenye daftari: ameanguka jana, kichwa. Kurasa zote za mwezi safi, halafu hiyo.

Mkurugenzi kachungulia. Keki imekatwa, anasema, wageni wanataka kumwona mama aliyekomesha kuanguka. Nimemwonyesha uvimbe. Kautazama, kautazama mlango wa ukumbi. Kanong'ona: tungoje waondoke kwanza? Nimesema hapana. Nimesema kwa sauti, hata mimi nimeshtuka. Kaondoka, sijui kwenda kufanya nini.

Gari la daktari bado. Kila mlio wa injini nje, naruka.

Babu kajikohoza, katangaza: "Habari zilizotufikia hivi punde. Mwezi huu hakuna aliyeanguka." Tukacheka, mimi na Binti Haraka, machozi yanatutoka. Mzee wa watu, bado ana utani.

Akatangaza tena. Neno kwa neno.

Na tena, sasa hivi, ila ulimi mzito. Hatucheki. Nimemshika mkono, nimemuuliza: Babu, mimi ni nani? Ananitazama. Anajikohoza, anataka kusema –