Shanga Zinazovutana

Isongole, 4 Machi 2024

Dada Enesi,

Shikamoo. Habari za Tunduma? Shemeji hajambo? Ningependa kuandika kwamba nasi hatujambo, lakini ningekuwa naongopa. Ketrina amepasuliwa tumbo huko Mbeya. Yuko hai. Simu zako niliziona, nikaacha kupokea kwa makusudi kwa sababu ningekutukana. Ndiyo maana nimempa dereva wa gari la Noah linalokuja huko barua hii.

Zile shanga za kung'aa ulizompa Krismasi, zinazoshikana zenyewe, alimeza moja asubuhi na nyingine jioni. Akaanza kutapika, tukadhani ni minyoo. Kumbe ni sumaku, dada! Moja ilikuwa kwenye utumbo upande huu, nyingine upande ule, zikavutana na kubana nyama katikati mpaka ikaoza na kutoboka. Daktari amekata kipande cha utumbo wa mtoto wa miaka sita.

Ulijua unampa nini?

Mdogo wako,
Aliko

Tunduma, 9 Machi 2024

Mdogo wangu Aliko,

Marahaba. Sisi wazima wa mwili tu. Pole sana, na umpe pole mama Ketrina. Nimelia mpaka macho yamevimba. Lakini maneno yako yameniudhi. Unaniandikia kana kwamba nimemloga mtoto wa ndugu yangu!

Mimi nauza vitu vya kuchezea hapa mpakani. Wazambia wananunua, watu wetu wananunua, na hajarudi hata mmoja kulalamika. Vichuma vidogo kama punje za mtama, ningejuaje? Wewe ndiye mwalimu wa kemia. Vimekaa nyumbani kwako tangu Krismasi, mbona hukumnyang'anya? Usinitwishe mimi peke yangu.

Jumapili nakuja kumwona.

Dada yako,
Enesi

Isongole, 20 Machi 2024

Dada Enesi,

Shikamoo. Ketrina ameanza kunywa uji, nyuzi zimetolewa.

Mke wangu Jenista ndiye aliyekufungia mlango Jumapili ile, nami sikumzuia. Umeuliza kwa nini sikumnyang'anya. Alizificha ndani ya soksi, kwa vile ni zawadi ya shangazi.

Na si vichuma tu. Ndani yake kuna neodimi, mojawapo ya zile metali ziitwazo adimu, imeyeyushwa pamoja na chuma na boroni. Ikiwa peke yake, ukiiacha hewani inapoteza mng'ao na kumeguka. Ikiungana na hao wenzake inakuwa sumaku kali kuliko zile tulizochezea utotoni, ndiyo inayowekwa kwenye spika. Kwa kuwa inaharibika upesi, wanaipaka nikeli. Mng'ao uliompendeza mwanangu ni wa nikeli.

Usizisage, unga wake unashika moto. Anayetaka kuziua azichome nzimanzima kwenye mkaa mwekundu, nje, akae mbali. Joto kali linavuruga mpangilio wa ndani, na nguvu ya kuvuta inakwisha. Lakini najihangaisha bure. Binamu yetu Barnaba amepita sokoni juzi, amezikuta bado ziko mezani kwako. Baada ya yote haya, dada! Usiniandikie tena.

Aliko

Tunduma, 2 Juni 2024

Mdogo wangu Aliko,

Hamjambo? Mtoto anakula vizuri? Ulinikataza kuandika, lakini naandika.

Ni kweli niliendelea kuuza. Nilikasirika, nikajiambia huyu na mkewe wamenifukuza kama mbwa, sasa wanataka na riziki yangu. Jana mama mmoja alisimama mezani kwangu kuuliza bei, binti yake akaweka shanga moja juu ya ulimi na nyingine chini, zikashikana. Akamwonyesha mama yake, "Tazama, nina hereni!" Mama akacheka. Mimi nikaruka meza, nikamshika yule mtoto taya na kuzitoa kwa vidole. Mama alinipiga kofi mbele ya soko zima. Sikumrudishia.

Nikampigia Boazi anayeniletea mzigo. Akaniambia, "Kama unaogopa, wauzie wa ng'ambo ya mpaka, wale hawajui." Wa ng'ambo! Nusu ya ukoo wa mume wangu uko ng'ambo! Nilimtukana Boazi, Aliko, matusi ambayo sijawahi kuyatamka.

Nimezichoma zote uani, zimekuwa nyeusi. Nimejaribu kuzigusisha na msumari, hazishiki.

Lakini usidhani nimewasamehe. Mlinisimamisha nje kwenye mvua, na majirani wakitazama. Jumamosi nakuja. Mkinifungia, nitakaa hapo hapo mlangoni mpaka Ketrina atoke.

Dada yako,
Enesi

Isongole, 5 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Hatujambo.

Nimemsomea Jenista barua yako. Ametandika kitanda cha wageni. Hasira bado ninayo, nawe njoo na yako.

Mdogo wako,
Aliko